Mali Bila Daftari: Batli ya Tarakilishi na Wajibu wa Mwanafunzi wa Kiswahili

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii imezoeleka kuelekezwa kwa mwenye duka asiyeandika nani amekopa na nani amelipa. Katika zama hizi, hata hivyo, yupo mtu mwingine ambaye yampasa kuizingatia pengine kuliko mwenye duka, naye ni mwanaprogramu. Programu kubwa ya tarakilishi hufanya kazi usiku na mchana pasipo jicho la binadamu kuitazama. Inapokwama saa nane za usiku, hakuna shahidi wa kuulizwa ila daftari ambalo programu yenyewe imekuwa ikiliandika: saa fulani nilifungua faili, saa fulani nilinyimwa ruhusa, saa fulani niliishiwa na nafasi.

Wapo watakaouliza daftari hilo linahusu nini wanafunzi wa fasihi na isimu. Makala haya yanashikilia kwamba linawahusu sana. Uandikaji wa daftari hilo, hususan usanidi wa maktaba za programu zinazoliandika katika lugha ya Java, ni mada ya majina, nasaba, ujumbe na maana. Ni mada inayoelezeka kwa Kiswahili fasaha. Kuiachia lugha ya kigeni peke yake ni hasara kwa Kiswahili na ni hatari kwa wale wanaoitegemea mitambo hiyo.

Yafaa kuanza na jina. Kiingereza kilililopoa neno lake baharini. Mabaharia wa kale walitupa gogo lililofungwa kamba yenye mafundo nyuma ya merikebu, wakahesabu mafundo yaliyopita mikononi mwao katika muda maalumu, na kwa njia hiyo wakajua kasi ya chombo. Kipimo hicho kiliandikwa kitabuni, na kitabu kikarithi jina la gogo. Mwanaprogramu wa leo anayetamka log anatamka gogo, ajue asijue. Kiswahili nacho ni lugha ya watu wa bahari, na kina neno lake la kibaharia: batli, linalohusishwa na kumbukumbu za safari ya chombo. La ajabu ni kwamba neno hili halisikiki katika kumbi za mihadhara. Baadhi husema logi. Wengine husema kumbukumbu.

Logi ni utohozi usio na kosa la kisarufi, lakini ni kubisha hodi kwa jirani kuomba chumvi kabla ya kutazama chunguni mwa nyumbani. Kumbukumbu, kwa upande wake, ni neno pana mno. Mikutano ina kumbukumbu, na tarakilishi yenyewe ina kumbukumbu kwa maana ya mahali inapoweka data inapofanya kazi. Mhadhiri akisema kwamba kumbukumbu imejaa, mwanafunzi hawezi kujua iwapo ni daftari lililofurika au ni uwezo wa mashine uliofika kikomo. Na tiba ya tatizo moja siyo tiba ya jingine. Batli haina utata huo. Ni neno la Kiswahili lililopanuliwa maana kidogo tu, na upanuzi wa maana ni mbinu ya uundaji istilahi ambayo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amefunzwa.

Jina likishapatikana, maelezo hayana ugumu. Miongoni mwa maktaba za batli katika Java, iliyopata umaarufu mkubwa ni Log4j, iliyoasisiwa na Ceki Gülcü katika miaka ya 1990 na baadaye kulelewa na Wakfu wa Apache. Java ilijipatia maktaba yake ya ndani katika toleo la 1.4, mwaka wa 2002. Log4j 2, iliyoandikwa upya, ilitolewa rasmi mwaka wa 2014, na Agosti 2015 Apache ikatangaza kwamba toleo la kwanza halitashughulikiwa tena.

Maktaba hii yaweza kufananishwa na ofisi yenye makarani. Kila sehemu ya programu ina karani wake, naye hupokea ujumbe. Kila ujumbe una daraja la uzito. Madaraja hayo, kutoka jepesi hadi zito, huitwa TRACE, DEBUG, INFO, WARN, ERROR na FATAL. Karani aliyeagizwa kuanzia daraja la WARN huyapuuza yote yaliyo chini yake. Ujumbe uliokubaliwa hupitishwa katika mfereji unaoupeleka kwenye skrini, kwenye faili au kwenye mashine nyingine, na mfereji huo huwa na kiolezo kinachoamua sentensi iandikwe vipi: tarehe kwanza, kisha daraja, kisha jina la karani, kisha habari yenyewe. Usanidi ni kumwambia kila karani daraja lake na mfereji wake, na maagizo hayo huwekwa katika faili moja.

Makarani wana nasaba. Anayeitwa chuo.maktaba.karadha ni mtoto wa chuo.maktaba, naye ni mtoto wa chuo, na wote wana babu mmoja aliye shina la ukoo. Mtoto asiyepewa daraja lake hurithi la mzazi. Yeyote aliyechora mti wa nasaba katika somo la fasihi simulizi, au mchoro-matawi katika somo la sintaksia, ameshaelewa nusu ya usanidi wa Log4j.

Faida ya kueleweka hivi huonekana pale mambo yanapoharibika. Hitilafu za batli ni nyingi, ila tatu hujirudia. Ya kwanza ni kimya. Programu inaendeshwa na batli haiandiki neno. Katika Log4j ya kwanza huwa limetolewa onyo moja tu mwanzoni, kwamba karani fulani hana mfereji wowote. Maana yake ni kwamba faili ya usanidi haikuonekana. Katika Log4j 2 kimya hicho ni cha hila zaidi, kwa sababu maktaba isipopata faili ya usanidi hujipangia yenyewe: huandika kwenye skrini ujumbe wa daraja la ERROR na kwenda juu pekee. Anayesubiri ujumbe wa INFO atasubiri hadi kiama. Mara nyingi kisa chenyewe ni jina. Aliyehama kutoka toleo la kwanza ameiacha faili yake ikiitwa log4j.properties, ilhali toleo la pili hutafuta majina yanayoanza na log4j2. Wala kulibadilisha jina peke yake hakutoshi, maana hata sarufi ya faili yenyewe imebadilika.

Hitilafu ya pili ni mwangwi: kila ujumbe huandikwa mara mbili. Asiyejua nasaba atadhani programu imetenda jambo mara mbili, atafute kosa lisilokuwepo. Ukweli ni kwamba ujumbe wa mtoto hupanda pia hadi kwa wazazi wake. Mtoto akiwa na mfereji wake na babu akiwa na wake, na mifereji yote miwili ikielekea mahali pamoja, sentensi itaonekana mara mbili. Dawa ni kuuondoa mfereji mmoja au kumwagiza mtoto asipandishe ujumbe, kwa kuweka neno additivity kuwa false.

Ya tatu ni wakuu wawili katika ofisi moja. Programu nyingi huzungumza na SLF4J, ambayo yenyewe haiandiki lolote bali hupokea ujumbe na kuukabidhi kwa maktaba iliyo nyuma yake. Pasipokuwa na maktaba nyuma, hutoa onyo mwanzoni kisha huutupa kila ujumbe. Zikiwapo mbili, huonya kwamba zimezidi na kuchagua moja, ambayo huenda siyo ile iliyosanidiwa. Mwanaprogramu ataihariri faili ya usanidi siku nzima, na asijue kwamba faili hiyo haisomwi na yeyote.

Katika visa vyote vitatu, dawa ya kwanza ni ile ile: kuiamuru maktaba ieleze inachokitenda yenyewe. Log4j ya kwanza hupewa amri ya log4j.debug, ya pili hupewa log4j2.debug, nayo hutaja faili iliyotafutwa, mahali ilipotafutwa na kilichopatikana. Anayeelewa dhana za karani, mfereji na nasaba huyasoma maelezo hayo na kulitambua kosa upesi. Asiyeelewa hunakili mistari ya usanidi kutoka kwa mwingine, akibadilisha hiki na kile hadi batli iandike, na ikishaandika hajui ni kwa nini.

Hapo ndipo penye hatari. Tarehe 23 Novemba 2021, UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Wapenzi wa lugha walishangilia, na walistahili kushangilia. Siku iliyofuata, tarehe 24 Novemba, Apache iliarifiwa na mtaalamu wa usalama wa kampuni ya Alibaba kuhusu udhaifu mkubwa katika Log4j 2. Habari zilipotangazwa hadharani mwezi wa Disemba, udhaifu huo ulipewa jina la Log4Shell na kupimwa kuwa na uzito wa 10 kwa 10.

Kiini chake kingemvutia mwanafunzi yeyote wa semantiki, kwa kuwa ni tofauti kati ya kulitaja neno na kulitumia. Log4j 2 ilikuwa na uwezo wa kuyafasiri maneno maalumu yaliyomo ndani ya ujumbe. Mgeni alihitaji tu kuandika maneno hayo mahali ambapo programu ingeyanukuu katika batli yake, kwa mfano kwenye kisanduku cha jina au cha utafutaji. Badala ya kuyaandika tu kama yalivyo, maktaba iliyatii: iliwasiliana na mashine iliyotajwa na mgeni, na ingeweza kuleta msimbo kutoka huko na kuuendesha. Ni mfano wa karani anayeambiwa aandike kwamba mtu amesema fungueni mlango, naye akaiweka kalamu chini, akaenda kuufungua.

Marekebisho yalifuatana mwezi huo huo: toleo la 2.15.0, kisha 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1. Kabla ya hapo ulienezwa ushauri wa kubadilisha mpangilio mmoja tu katika usanidi, na baadaye ikabainika kwamba katika hali fulani ushauri huo hautoshi. Walionakili bila kuelewa walilala wakidhani mlango umefungwa. Wengine hawakujua hata kama wanayo Log4j, kwani ilikuwa imeingia ndani ya maktaba nyingine walizozitumia. Kutoelewa hakukuwa tena aibu ya darasani. Kuligeuka kuwa mlango wazi katika mitambo ya watu.

Wapo wanaodai kwamba hoja hii haina mashiko, kwa sababu maneno ya programu ni ya Kiingereza na miongozo yake vilevile. Ni kweli kwamba ERROR itabaki ERROR, wala hakuna anayependekeza ibadilishwe. Lakini msimbo ni kitu kimoja na ufahamu ni kitu kingine. Mwanafunzi huweza kuikariri alama kwa lugha yoyote. Sababu yake huielewa vyema zaidi kwa lugha anayofikiria kwayo. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kueleza kwa nini mtambo umekwama ni rasmi kwenye karatasi tu.

Wengine huhofia vurugu za istilahi, wakikumbusha jinsi kompyuta, tarakilishi na ngamizi zilivyogombania kiti kimoja. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, ugomvi huo ulihusu jina la sanduku. Wakati wataalamu walipokuwa wakibishania sanduku, yaliyomo ndani yake hayakupewa majina. Pale watu walipofanya kazi badala ya kubishana, matunda yalionekana: mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliwapa Waswahili programu ya Jambo OpenOffice mwaka wa 2004. Istilahi huimarika kwa kutumiwa, siyo kwa kusubiri kikao.

Lipo pia jukumu ambalo mwanafunzi wa Kiswahili pekee ndiye aliyeandaliwa kulibeba. Batli ni maandishi, na batli nyingi zimeandikwa vibaya. Sentensi inayosema tu kwamba hitilafu imetokea haimsaidii mtu. Ujumbe bora hutaja nani alikuwa akitenda nini, juu ya kitu gani, na nini kilichozuia, kwa maneno machache. Aidha, hujua la kunyamazia: nywila na nambari za vitambulisho hazistahili kuandikwa batlini, hasa katika nchi yenye Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Uchaguzi wa neno, ufupi na staha ya usemi ni mambo yanayofundishwa katika idara za Kiswahili.

Kwa hivyo, pendekezo la makala haya ni dogo na linatekelezeka. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili viketi pamoja na wenzao wa sayansi ya tarakilishi katika kila chuo, wachukue mada moja kwa muhula mmoja, na waanze na batli. Waziandike istilahi zake zisizozidi ishirini, wazitumie kueleza hitilafu halisi mbele ya wenzao, wazirekebishe pale zinapokwaza, kisha waziwasilishe kwa wahadhiri na kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki huko Zanzibar. Wakilikataa neno batli kwa hoja bora zaidi, hiyo nayo itakuwa kazi iliyofanyika.

Mabaharia wa Kiswahili hawakungoja lugha nyingine iwatajie omo na tezi. Walivitaja vyombo vyao kwa kuwa waliviendesha. Vijana wa leo wanaendesha vyombo vya aina nyingine, na batli zake zinaandikwa kila sekunde. Kilichobaki ni kuzisoma kwa ufahamu, na kuyasema yaliyosomwa kwa Kiswahili.