Kabla hujamnunulia mwanao kashata ya kizungu

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa Tabata alinitumia ujumbe na picha ya karatasi inayong'aa. Mwanawe wa miaka minane ni mwembamba, na wifi yake alimshauri ampe vile vipande vya protini wanavyokula vijana wa jimu. Akanunua vitano, shilingi 8,000 kila kimoja, akawa anamwekea mtoto kimoja kwenye begi la shule badala ya kumnywesha chai asubuhi. Siku ya tatu mwalimu akapiga simu: mtoto anaharisha. “Dada, wameniuzia kilichooza?” aliniuliza.

Wenyewe wanaviita protini baa. Nilipomsimulia mama yangu, simu ikawa kimya kidogo, kisha akauliza ni baa gani hiyo inayohudumia watoto. Nilipomweleza, akasema, “Kumbe ni kashata ya kizungu.” Jina hilo nimelichukua.

Sikuona dalili ya kuoza. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa mbali. Nikaikuza picha nikasoma maandishi madogo ya nyuma, na pale nikakutana na maltitoli, ya pili kwenye orodha. Hiki ni kiongeza utamu ambacho utumbo haukifyonzi chote. Kinachobaki huvuta maji, bakteria wa tumboni wanakichachua, na mtu anaishia kujaa gesi au kuharisha. Sorbitoli nayo ina tabia hiyo hiyo. Mtu mzima anaweza kula kipande kimoja asihisi kitu, lakini mtoto ana mwili mdogo. Nilimshauri aviache na ampe mtoto maji ya kutosha na ORS, na akiona damu, homa au mtoto amelegea, asisubiri, aende kituo cha afya. Tumbo lilitulia kesho yake.

Orodha ya viungo huandikwa kwa uzito, kinachoanza ndicho kingi zaidi. Kwa hiyo ukiona sukari, sharubati ya glukosi au dekstrosi katika vitatu vya mwanzo, umeshika pipi iliyovaa jezi ya michezo. Angalia pia namba za protini ni za kipande kimoja au za gramu 100, maana hapo ndipo wengi tunapopigwa chenga. Baadhi huwa na kafeini, na hizo usimpe mtoto kabisa.

Sasa hesabu iliyonishangaza. Kipande kile kilikuwa na gramu 20 za protini. Mtoto wa miaka minne hadi minane, kwa viwango vinavyotumika Marekani na Kanada, anahitaji takriban gramu 19 kwa siku nzima. Yai moja lina kama gramu sita. Nusu kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama saba. Nilipomuuliza yule mama mtoto anakula nini, akataja wali maharage, dagaa, maziwa jioni. Protini anayo! Asichokuwa nacho ni kifungua kinywa, kwa sababu wanaondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri kuwahi gari la shule. Wembamba wake unahitaji mizani, na dawa ya minyoo kama muda wake umefika, kabla ya kuhitaji supamaketi.

Hata hivyo simlaumu mtu anayetaka kitu cha kutia begini, kisichomwagika na kisichochacha kufikia saa nne. Kitu hicho tunacho, ni kashata, tatizo lake ni sukari tu. Mimi hutengeneza hivi: karanga robo kilo, ufuta gramu 50, tende zilizotolewa kokwa gramu 150, maziwa ya unga gramu 30, chumvi kidogo. Kaanga karanga kwa moto mdogo bila mafuta, zipoe, pukuta maganda. Kaanga ufuta mpaka uanze kuruka. Twanga karanga na ufuta mpaka ziwe kama chenga za sukari, usiziache nzima. Tende zikiwa kavu ziloweke kwenye maji ya moto kidogo tu, zichuje vizuri, ziponde, kisha changanya vyote kwa mkono. Shindilia kwenye sinia, acha kwenye friji saa mbili, kata vipande 14. Kila kimoja kinakuwa na kama gramu sita za protini, sawa na yai. Tende nazo ni tamu na hunata kwenye meno, kwa hiyo mswaki wa usiku uko palepale.

Kuhusu kuziacha karanga nzima, nina la kukiri. Mwaka jana nilimpa mtoto wa dada yangu, miaka mitatu, kashata ya kawaida huku anakimbizana na wenzake. Akapaliwa. Dada alimwinamisha, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega, karanga ikaruka. Zilikuwa sekunde chache, lakini mikono yangu ilitetemeka mpaka jioni. Mtoto wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, na chochote unachompa ale ameketi. Kama hajawahi kula karanga, anza na kidogo ukiwa naye. Akivimba midomo au kupumua kwa shida, mkimbize hospitali.

Halafu kuna sumukuvu. Mwaka 2016 ilisababisha vifo Dodoma na Manyara, kupitia mahindi, na karanga ni zao jingine inalolipenda. Huharibu ini, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ini. Kukaanga hakuimalizi, na macho hayawezi kuiona yote. Lakini kuchambua kunapunguza: mwaga karanga kwenye ungo mchana wenye mwanga, toa zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zenye ukungu. Ukionja yenye uchungu, tema. Wala usimpe kuku zile ulizotoa. Ndiyo maana karanga zilizokwisha kusagwa sinunui za kupimiwa kwenye ndoo, kwani huwezi kujua aliyesaga alichambua au alitupia zote. Nikikosa muda, nachukua iliyofungwa na yenye alama ya TBS.

Zihifadhi kwenye kopo kavu lenye mfuniko, ndani ya friji, zisizidi wiki moja. Za shule toa asubuhi ileile, funga moja moja kwenye karatasi, na mwambie mtoto asimgawie mwenzake, maana hujui nani karanga zinamdhuru. Zikianza kunuka kama mafuta ya zamani, tupa zote, hata kama ndiyo kwanza siku ya nne.