Buti za El Paso na haki ya aliyezishona

Mji wa El Paso, katika jimbo la Texas nchini Marekani, aghalabu husifiwa kuwa makao makuu ya buti za wachunga ng'ombe duniani. Sifa hiyo si ya bure. Tony Lama, mwana wa wahamiaji kutoka Italia aliyepata kuwashonea viatu wanajeshi wa Fort Bliss, alifungua karakana yake mjini humo mwaka wa 1911. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Lucchese, iliyoasisiwa San Antonio mwaka wa 1883, nayo ikahamia huko.

Hata hivyo, sikubaliani na masimulizi yanayokomea kwenye majina ya waasisi. El Paso na Ciudad Juárez ya Mexico hutenganishwa na mto tu. Wengi wa mafundi waliokata ngozi, wakaivuta juu ya kalibu na kugongomea vigingi vidogo vya mti kwenye soli, ni watu wenye asili ya Mexico. Kazi yao ni elimu. Fundi huchagua kigingi cha mti kwa kuwa mti hutanuka na kunywea pamoja na ngozi, ilhali msumari hushika kutu.

Isimu inao ushahidi wake. Neno lariat, yaani kamba ya kunasia ng'ombe, limetokana na la reata la Kihispania. Nalo buckaroo ni vaquero, mchunga ng'ombe, aliyetamkwa kwa ulimi wa Kiingereza. Utamaduni udhaniwao kuwa wa Kimarekani mtupu ulijifunza mengi kwa Mmexico. Maneno yamekiri deni hilo. Nembo ya kiatu imenyamaza.

Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Yamkini huko pete imevikwa kisanduku cha viatu. Waama, turathi si jina la kampuni, kwani kampuni huuzwa: ile ya Tony Lama ilinunuliwa na kampuni ya Justin mwaka wa 1990. Turathi ni ujuzi unaopokezwa mkono kwa mkono, na kila mkono una mwenyewe.

Nasi tusiwacheke. Makubadhi ya Pwani yetu husifiwa na wageni, lakini ni wangapi miongoni mwetu wamjuao aliyeyashona, au wajuao gidamu ni nini? Makumbusho na vyuo vyetu havina budi kuyaandika majina ya mafundi hao, pamoja na msamiati wa kazi yao, wangali hai.