Chiriku, Panya na Mtoto wa Nyumbani



Wazazi wenzangu, juzi baada ya swala ya alfajiri nilimkuta mjukuu wangu jikoni, amechutama mbele ya kibao cha gundi nilichokitega usiku. Panya mdogo alikuwa amenasa miguu, angali hai, na mtoto akimchokoa kwa kijiti huku akicheka. Nje, juu ya mwarobaini, chiriku aliimba. Chiriku huyo mtoto humwagia mtama kila siku.

Viumbe hawa wawili wana tofauti gani? Wote hukaa kiganjani, wote hula nafaka, na moyo wa kila mmoja hupiga mamia ya mara kwa dakika. Chiriku huatamia mayai yake kiasi cha wiki mbili. Panya hubeba mimba kiasi cha wiki tatu. Chiriku twampenda kwa sauti yake. Lakini mwaka 2005 watafiti wa St. Louis, Marekani, walieleza kwamba panya dume naye huimba anusapo harufu ya jike, kwa mpangilio unaofanana na wimbo wa ndege. Hatumsikii kwa kuwa sauti yake ni nyembamba kupita uwezo wa masikio yetu.

Subhanallah! Katika Suratul Israa, aya ya 44, Mola wetu ametujuza kwamba kila kitu humsabihi, ila sisi hatuzifahamu tasbihi zao.

Sisemi panya aachwe. Huharibu chakula na kuleta maradhi, na Mtume (S.A.W.) ameruhusu auawe hata katika eneo takatifu la Makka. Lakini Mtume huyohuyo ameamrisha wema katika kila jambo, hata katika kuua na kuchinja. Kuua kwa haja kumeruhusiwa, kutesa hakukuruhusiwa. Basi tufunike vyakula, tuzibe matundu, na tukitega, tutumie mtego unaoua mara moja.

Kinda la chiriku hujifunza wimbo kwa kuwasikiliza wakubwa wake. Mtoto naye hujifunza huruma, au ukatili, kwa yale ayaonayo jikoni mwetu. Kosa la asubuhi ile halikuwa la mjukuu wangu. Kibao nilikinunua mimi. Nilimmaliza panya kwa pigo moja, kisha nikamketisha mtoto na kumweleza haya. Akaniuliza, “Babu, hata panya humtaja Mungu?” Nikamjibu, “Naam, baba.” Akakitupa kijiti.

Wabillahi tawfiq.