Tusikimbilie Kulaumu Shida

Mwenzetu akipata shida na kubadilika, tunasema upesi: “Shida zimemharibu.” Falsafa inatufundisha kutochanganya kinacholeta jambo na kinacholifichua tu. Fuwele ya bariamu, chuma na aseniki inatusaidia hapa.

Fuwele hii ni ya jamii ya vitu ambavyo, vikitayarishwa na kupozwa ipasavyo, hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Ikipozwa hadi takriban nyuzi 135 za Selsiasi chini ya sifuri, mraba wake wa ndani huwa mstatili. Lakini vipande vyake vingine hulala huku, vingine kule, hivyo anayepima ukinzani hupata wastani tu. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliibana, vipande vikaelekea njia moja. Ikaonekana kwamba ukinzani ni mkubwa zaidi kuelekea upande mfupi.

Je, tofauti hiyo ililetwa na kubanwa? Mwaka 2012 walitoa jibu. Walivuta fuwele kidogo sana ikiwa bado haijageuka. Kadiri ilivyokaribia nyuzi zile, mvuto uleule mdogo ulizaa tofauti kubwa zaidi. Elektroni zenyewe zilikuwa tayari kuegemea upande mmoja.

Fuwele haina hiari; mtu anayo. Ndiyo maana tunaona kosa letu ni kuridhika na wastani: anasali, anakula, anacheka, basi yuko sawa. Tumwulize hali yake mapema, kabla shida haijamjibia.