Lori la Kichina na Mteremko wa Nkoaranga

Msomaji wetu wa Visiwani anunuaye viazi na vitunguu katika soko la Darajani huenda hajapata kuisikia Nkoaranga, iliyoko katika mteremko wa Mlima Meru, juu ya barabara kuu iendayo Arusha kutoka Moshi. Hata hivyo sehemu kubwa ya vyakula hivyo hutoka bara, na kabla ya kupakiwa chomboni huchukuliwa kwa malori katika njia kama zile za Meru. Lori likikaa juu ya mawe kwa kukosa kipuri, mazao ya mkulima huoza, na bei Unguja na Pemba hupanda. Ndiyo maana tunasema habari za malori zinawahusu wote.

Malori mengi siku hizi hutoka China, na kiwanda kikongwe miongoni mwa viwanda vyake ni FAW cha mji wa Changchun. Ujenzi wake ulianza Julai 1953 kwa msaada wa Urusi ya Kisovieti, na Julai 1956 likatoka lori la kwanza. Liliitwa Jiefang, maana yake Ukombozi. Lilichukua tani 4, na umbo lake lilifuata lori la Kirusi la ZIS-150. Mwaka 1958 ikafuata Hongqi, yaani Bendera Nyekundu, motokaa ya kuwachukua viongozi na wageni wa taifa.

Jiefang lile lilitengenezwa kwa miaka 30, hadi 1986, bila mabadiliko makubwa, na idadi yake ikapita milioni 1. Wachina wenyewe walikuja kulilaumu kwa uchakavu wa mtindo. Sisi tunaliona jambo hilo kwa jicho jingine. Kipuri cha gari la jana kiliweza kulifaa gari la leo, na fundi aliyelijua moja aliyajua yote. Kwa nchi ya wakulima hiyo si faida ndogo.

Leo kiwanda hicho hutoa magari ya kila namna: malori madogo, matipa, vichwa vya kuvuta matela kama J6 iliyotoka 2007 na J7 iliyotoka 2018, na motokaa za Hongqi na Bestune. Kimeunda ubia na Volkswagen na Toyota huko kwao, na mwaka 2014 kilifungua karakana Coega, Afrika Kusini. Hapa kwetu malori yake yamekuwa yakiunganishwa Kibaha. Hatua hiyo tunaipongeza. Lakini kuunganisha gari ni jambo moja, na kulitunza miaka kumi katika utelezi wa Meru, au katika chumvi ya pwani ilayo bodi na mabomba ya breki, ni jambo jingine kabisa.

Tuseme breki za upepo zimeharibika Nkoaranga, msimu wa mvua, shehena ikiwa juu. Dereva hawezi kuthubutu kuteremka. Kipuri kikiwa Arusha, ni kazi ya siku moja. Kikiwa ng'ambo, utingo atalala chini ya lori hilo wiki nyingi, nao wenye mzigo watatafuta wa kumlaumu.

Tunawaomba, basi, watumishi wa serikali za pande zote mbili za Muungano wanaopitisha zabuni za magari wasiangalie bei ya kununulia pekee. Muuzaji na atakiwe kuonyesha ghala la vipuri lililoko nchini, na orodha ya bei zake. Kitabu cha matengenezo kiandikwe kwa Kiswahili, kwani kile cha Kichina hakisomwi na fundi wa Tengeru wala wa Mkokotoni. Tena kila ununuzi mkubwa uambatane na injini moja na gia boksi moja za kufundishia, zipelekwe katika vyuo vya VETA bara na vituo vya mafunzo ya amali Unguja na Pemba. Zabuni isiyo na masharti hayo irudishwe kwa aliyeileta.