Kitabu si Anasa

Mwaka 1976 UNESCO ilikutana papa hapa Nairobi, ikapitisha itifaki ya kupanua msamaha wa ushuru kwa vitabu na vifaa vya elimu. Mwaka 2013 Bunge, katika jiji lilo hilo, lilipitisha Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani iliyovitoza vitabu asilimia 16. Ndugu msomaji, piga hesabu: kitabu cha uhandisi cha shilingi 5,000 kiliongezwa 800. Mwanafunzi wa chuo aliyeishi kwa mkopo wa HELB akawa anaikopa Serikali ili ailipe Serikali kodi! Wengine walikimbilia fotokopi, nako Sheria ya Hakimiliki ikiwangoja. Tunalidai Bunge liuandike msamaha wa vitabu ndani ya sheria, msamaha usiotegemea huruma ya Waziri wa Fedha kila inaposomwa bajeti.