Karani wa hesabu si wakala wa ushuru

Majuzi, nilipokuwa safarini kutoka Meru kuelekea Embu, nilishuka Runyenjes kumjulia hali mwalimu mstaafu aliyenifundisha katika shule ya msingi. Baada ya kustaafu, Mwalimu alifungua duka la vitabu na sare za wanafunzi. Nilimkuta ameketi nyuma ya kaunta, barua ya Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA, imekunjuliwa mbele yake. “Mwanangu,” akaniambia, “wewe ndiwe mwenye shahada ya uzamifu. Hebu nisomee hapa, nimekosa nini?”

Kosa lilianzia katika neno. Kwa muda mrefu Mwalimu alikuwa akimlipa kijana mmoja ambaye alimwita “mhasibu wangu”. Kumbe kazi aliyoifanya mhasibu huyo ilikuwa moja tu: kuingia katika mtandao wa iTax kwa neno la siri la Mwalimu na kuwasilisha ripoti tupu, kana kwamba duka halijauza hata kalamu. Wakati huohuo, wauzaji wa jumla waliomletea bidhaa walikuwa wakitoa ankara za kielektroniki za eTIMS zenye nambari yake ya PIN. Mamlaka ililinganisha pande hizo mbili na kutaka maelezo.

Katika miji yetu, “mhasibu” ni jina la kila mtu ashikaye kalamu na kikokotozi. Aandikaye mauzo ya siku ni mhasibu. Aliyefuzu mitihani ya KASNEB ni mhasibu. Mwenye kompyuta mbili kando ya stendi ya matatu, naye pia ni mhasibu. Ukiuliza alipo “wakala”, utaelekezwa penye kibanda cha M-Pesa. Si ajabu basi kwamba mfanyabiashara akishauriwa kuchagua baina ya karani wa hesabu na wakala wa ushuru aliyesajiliwa, hudhani ameambiwa achague baina ya mtu wa bei nafuu na mtu wa bei ghali kwa kazi ileile.

Tofauti hii haipaswi kumshinda mwenyeji wa Embu au Meru, maana wakulima wa kahawa wameiishi miaka mingi. Kiwandani mwa chama cha ushirika yuko karani anayepima buni na kuandika kilo za kila mkulima. Mnadani Nairobi yuko dalali mwenye leseni anayeiuza kahawa hiyo kwa niaba ya wakulima. Sijasikia mkutano wa wanachama uliouliza ni yupi kati ya hao wawili afukuzwe ili mwenzake afanye kazi zote mbili. Aidha, kilo zikiandikwa visivyo kiwandani, hapana ufasaha wa dalali utakaozirudisha.

Karani wa hesabu hupima. Wakala wa ushuru huwakilisha. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 ndiyo iliyoweka utaratibu wa kumpa wakala leseni, na Mamlaka hutoa orodha ya mawakala waliosajiliwa. Wakala wa kweli hana haja ya neno lako la siri. Wewe humteua ndani ya iTax, naye akakubali na kukuhudumia kwa PIN yake mwenyewe, jina lake likionekana. Huyo anayekuomba neno la siri ili “akusaidie haraka” huandika kwa jina lako, na kwa hakika likizuka neno utajibu peke yako. Hata hivyo, leseni ya wakala haimwondolei mwenye duka wajibu wake. Deni la ushuru ni la mwenye biashara, awe amemwajiri nani.

Je, ni nani amhitajiye nani? Kwa maoni yangu, duka dogo limtafute karani kwanza. Biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 lakini yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka hutozwa ushuru wa mauzo, ambao Sheria ya Fedha ya 2023 iliupandisha hadi asilimia 3. Ushuru huo hutozwa kwa mauzo yote bila kutoa gharama, na hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Aliyeuza bidhaa za shilingi 200,000 atalipa 6,000. Hesabu hiyo haihitaji wakala. Yahitaji daftari lililoandikwa kila jioni bila uvivu.

Mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka, ushuru wa ziada ya thamani, yaani VAT, huingia, na mambo huanza kuwa mazito. Fauka ya hayo, Mamlaka ikishakukadiria ushuru, una siku 30 tu za kuwasilisha pingamizi. Hapo mtafute wakala pasipo kuchelewa. Mwalimu alimtafuta, na swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa: “Vitabu vya hesabu viko wapi?” Hakuwa navyo. Wakala akaeleza kwamba sheria hutaka kumbukumbu zihifadhiwe miaka mitano, na kwamba yeye hawezi kumtetea kwa maneno matupu.

Jambo ambalo ningependa walimu wenzangu walitafakari ni hili. Sheria hiyo hiyo inaruhusu kumbukumbu za ushuru ziandikwe katika mojawapo ya lugha rasmi, nazo kwa mujibu wa Katiba ya 2010 ni Kiswahili na Kiingereza. Lakini somo la Biashara tunalifundisha kwa Kiingereza tu, hata mwanafunzi aliyelipita vyema akirudi nyumbani hawezi kumweleza mamake, mwuza nguo katika soko la Gakoromone, namna ya kufunga hesabu ya mwezi. Mama hulipa mgeni kwa kazi ambayo mwanawe angeifanya jioni moja, laiti angekuwa na maneno yake.

Tuliketi na Mwalimu, tukapiga mistari katika daftari jipya la kurasa 200. Tarehe, mauzo, manunuzi, baki: hayo hayakutusumbua. Tulikwama katika “deni”. Neno hilo kwa Kiswahili huelekea pande zote mbili. Nikisema kuna deni la shule, ni shule inayonidai au mimi ninayeidai? Mwalimu, ambaye hajasahau chaki, akauchukua wino mwekundu na kuandika juu ya ukurasa mmoja “Ninaowadai”, na juu ya ule wa pili “Wanaonidai”. Kisha akaniuliza barua ya Mamlaka aiandike upande gani.